Daktari wa akili, mnasihi au kisomo: uende kwa nani, na umpime kwa lipi

Mdogo wangu alipougua mara ya kwanza alikuwa na miaka 24. Alikuwa hapati usingizi, anajibizana na watu tusiowaona, na ana hakika kwamba redio ya jirani inamtaja kwa jina. Nikampeleka hospitali. Daktari akaniuliza mimi: "Anakula? Analala? Anapiga watu?" Mdogo wangu alikuwa amekaa palepale, ningeweza kumshika bega. Hakuulizwa neno. Tukatoka na karatasi ya dawa, na ugonjwa wenyewe hatukuambiwa unaitwaje.

Tangu siku ile tumebisha karibu kila mlango ambao familia zetu hubisha. Namwandikia yule anayesimama leo mahali niliposimama mimi, awe ana mgonjwa wa kumpeleka au anajipeleka mwenyewe. Nitalinganisha milango hiyo, kisha maamuzi yanayokusubiri ukishaingia ndani. Kipimo changu nakitaja mapema ili unisome ukikijua: cheti ni lazima, lakini hakitoshi. Mtaalamu kamili ni yule unayeweza kumwambia "hapana" au "sijaelewa", naye akakueleza upya bila kununa.

Nani ni nani

Watu wengi huwaita wote "daktari wa akili", na hapo ndipo fedha na miezi hupotea. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, kisha akabobea. Anaandika dawa na anaweza kulaza. Mwanasaikolojia tiba amesomea saikolojia. Anapima na kutibu kwa mazungumzo, dawa haandiki. Mnasihi, au mshauri nasaha kama wengine wanavyomwita, anakusaidia kupita kwenye msiba, ndoa, ulevi, hofu. Ngazi ya wilaya mara nyingi utampata muuguzi wa afya ya akili au ofisa tabibu, na usimdharau. Aliyemsaidia mdogo wangu kuliko wote alikuwa muuguzi.

Mabingwa ni wachache mno kwa Tanzania, nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61, na wengi wao wako kwenye miji na hospitali kubwa. Hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, inapokea wagonjwa tangu 1927, ile ya Mathari, Nairobi, tangu 1910, na hadi leo familia husafiri kutwa nzima kuzifikia. Kwa hiyo mtu akikwambia "chagua mtaalamu unayempenda", katika wilaya nyingi hakuna wa kuchagua: kliniki ni siku moja kwa wiki na muuguzi ni mmoja. Chaguo linalobaki ni lile la ndani ya chumba, yaani dawa ipi, lini, nani aambiwe, nani asiambiwe. Hilo halihitaji bingwa wa pili, linahitaji mhudumu anayekuuliza.

Kuhusu usajili, Kenya ina sheria ya wanasihi na wanasaikolojia tangu 2014, na madaktari wake wako chini ya baraza lao, ambalo orodha yake unaweza kuitafuta mtandaoni. Tanzania daktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Omba namba ya usajili bila haya. Kwa mnasihi uliza pia alisomea wapi, kwa muda gani, na msimamizi wake ni nani. Nimekutana na watu waliojiita wanasihi baada ya semina ya siku chache, na walikuwa na huruma ya kweli, lakini huruma haikuwaambia pale mambo yalipowazidi kimo.

Kliniki ya hospitali na chumba cha mnasihi

Kliniki ina mambo ambayo mnasihi hana. Inaweza kupima damu na kuondoa kwanza magonjwa yanayovaa sura ya ugonjwa wa akili: malaria kali, homa ya uti wa mgongo, kifafa, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, pombe. Inaweza kutoa dawa, inaweza kulaza. Kwa sera ya Tanzania matibabu ya magonjwa ya akili katika vituo vya serikali yamo kwenye msamaha wa gharama, ingawa dawa ikiisha dirishani utaelekezwa famasi ya nje, na hapo utalipa. Upungufu wake mkubwa ni muda. Foleni inaanza alfajiri, unapata dakika chache, na mwezi ujao unakutana na daktari mwingine anayesoma faili huku wewe unaongea.

Mwanasaikolojia au mnasihi anakupa karibu saa nzima, na ni mtu yuleyule kila wiki. Tiba ya mazungumzo yenye mpangilio kwa kawaida huchukua vikao 6 hadi 20, kwa hiyo uliza bei ya kikao kabla ya kukaa, kisha uizidishe. Usianze safari ambayo nauli yake inaishia katikati. Dawa hawezi kukuandikia. Na akianza kukushauri upunguze dawa ulizoandikiwa na daktari, bila kuwasiliana na daktari huyo, ondoka.

Jambo moja linalosahaulika ni lugha. Wataalamu wengi walisoma kwa Kiingereza na mafunzo yao yamekaa kwa Kiingereza, lakini mtu wetu akizidiwa husema "nina mawazo", "moyo mzito", "kichwa kinajaa". Mnasihi asiyejua uzito wa "nina mawazo" atakuuliza unawaza nini, wakati umeshamwambia unaumwa. Zimbabwe walilichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha wanawake wazee wa mitaani jijini Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kwa vikao vichache vya kutatua tatizo moja baada ya jingine. Neno walilolitumia ni la Kishona, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi: ndugu kabisa wa "mawazo" yetu. Utafiti uliochapishwa 2016 uliwafuatilia watu 573, na baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona (huzuni nzito isiyoondoka) walikuwa chini ya 14 kati ya kila 100 upande wa benchi, dhidi ya karibu 50 kati ya 100 upande wa huduma ya kawaida. Benchi hilo limefika hadi Zanzibar. Mabibi wale hawana shahada, lakini wamefundishwa, wanasimamiwa, na wanajua wakati wa kutoa rufaa. Kwangu mimi huo ni utaalamu.

Siri nayo ipime kikao cha kwanza. Mtaalamu mzuri atakwambia mwenyewe, kabla hujamwaga moyo, kwamba unayosema yanabaki pale isipokuwa maisha yako au ya mwingine yako hatarini, au mtoto anadhuriwa. Asiyekutajia mipaka hiyo hajaifikiria. Zamani watu walikuwa na sababu ya kweli ya kuficha: Kenya, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ni kinyume cha katiba, aliyejaribu kujiua aliweza kushitakiwa. Mtu aliyelelewa na hofu ya namna hiyo hafunguki kwa kuambiwa "jisikie huru". Anafunguka akielezwa nani ataliona faili lake. Katika mji mdogo, ambako karani wa mapokezi ni jirani yako, una haki kabisa ya kuomba uandikiwe rufaa ya wilaya nyingine.

Na yule anayekukopa fedha, anayekuuzia dawa lishe kwenye kikao, au anayekutumia ujumbe wa mapenzi, usimpe nafasi ya pili. Mgonjwa wa akili ameshamkabidhi mtu huyo ufunguo wa nyumba yake ya ndani, na kumtumia kwa namna yoyote ni wizi.

Kisomo, maombi, mganga

Sitawaambia watu wasiende. Sisi tulikwenda, na nililia kwa faraja shehe alipoweka mkono juu ya kichwa cha mdogo wangu akasoma taratibu, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mtu kumgusa bila kumshika kwa nguvu. Shehe yule alimaliza akasema, "Dawa za hospitali msiache. Hii na ile hazigombani." Mganga tuliyepelekwa baadaye alisema kinyume: vidonge vinafunga njia ya dawa yake, tuvitupe. Tukavitupa. Baada ya wiki tatu mdogo wangu alikuwa barabarani bila viatu.

Tofauti kati ya wawili hao ndiyo ninayotaka uitafute, kuliko tofauti kati ya msikiti, kanisa na kilinge. Anayekuruhusu kuwa na tabibu mwingine na anayekutenga naye. Anayekuacha uondoke kesho na anayekufungia. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watu wenye matatizo ya akili wanaofungwa minyororo au kamba katika nchi zipatazo 60, Kenya ikiwamo, na baadhi yao walikuwa kwenye vituo vya maombi na vya waganga. Ukiona pingu, mnyororo, mfungo wa lazima au kipigo cha "kutoa pepo", mtoe mtu wako siku hiyohiyo, hata kama umeshalipa.

Pande hizi mbili zinaweza kufanya kazi pamoja. Ghana na Nigeria walijaribu wahudumu wa afya kuwatembelea wagonjwa wenye saikosisi (kusikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo) kwenye vituo vya waganga na vya maombi, wakawatibu hukohuko kwa maelewano. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha dalili zinapungua zaidi kuliko pale kila mmoja alipobaki kwake. Makueni, Kenya, waganga na viongozi wa dini walifundishwa kutambua dalili na kuelekeza wagonjwa kliniki. Tanzania waganga wana sheria yao ya 2002 na baraza la usajili, kwa hiyo hata kwa mganga swali la "umesajiliwa?" si utovu wa adabu.

Vidonge au mazungumzo

Hapa nazungumzia sonona na wasiwasi, si saikosisi. Kwa sonona nyepesi, mazungumzo pekee yanaweza kutosha. Mwongozo wa afya wa Uingereza wa 2022 unasema wazi kwamba kwa sonona isiyo kali dawa zisiwe za kwanza kupendekezwa, isipokuwa mgonjwa mwenyewe akizitaka, naye apewe orodha ya tiba achague kwa kuzungumza na mhudumu wake. Sonona ikiwa kali, yaani mtu haamki, hataki kula, anawaza kufa, dawa pamoja na mazungumzo huwa na nguvu kuliko kimoja.

Fluoksetini na ndugu zake, dawa za sonona, ni za bei nafuu na zinapatikana. Huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kukuinua, na huendelea kunywewa angalau miezi sita baada ya kupona. Wiki za mwanzo tumbo linaweza kuchafuka na usingizi kuruka, hamu ya tendo la ndoa hushuka kwa wengi, na vijana wa chini ya miaka 25 wanahitaji kuangaliwa kwa karibu, maana mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka mwanzoni. Usiache ghafla. Mazungumzo nayo yana gharama yake: yanadai nauli kila wiki, yanachokonoa, na kuna siku utarudi nyumbani ukiwa na hali mbaya kuliko ulivyokwenda. Mama mwenye watoto watatu na genge la nyanya anaweza kuchagua vidonge kwa sababu hana saa ya kutoka kila Jumatano, na huo ni uamuzi wa busara. Tafiti nyingi zimekuta kwamba mgonjwa aliyepewa tiba aliyoipendelea haachi njiani kirahisi. Daktari anayekuuliza "wewe ungependa ipi?" anafanya tiba hapo hapo.

Dawa zipi, na nani aamue

Huku ndiko kulikotuumiza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mdogo wangu aliandikiwa haloperidoli. Ni dawa ya zamani, nafuu, inazima sauti. Lakini kwake ilikaza shingo, ilitetemesha mikono, na mbaya kuliko yote ilimnyima utulivu: alitembea ukumbini usiku kucha kwa sababu miguu ilikataa kukaa. Mimi nilidhani ni ugonjwa. Hakuna aliyetuambia kwamba ni maudhi ya dawa na kwamba yana tiba: dozi kupunguzwa, dawa ya kulegeza misuli kuongezwa, au kubadilisha. Akaanza kuvificha vidonge chini ya godoro. Nilipovikuta nilimgombeza. Leo ninaumia nikikumbuka, kwa sababu ile ndiyo ilikuwa njia pekee aliyoachiwa ya kusema hapana.

Olanzapini, aliyokuja kuipata baadaye, haikukaza viungo vyake. Ni ghali kuliko haloperidoli, huleta usingizi, huongeza njaa na uzito, na sukari inaweza kupanda, kwa hiyo uzito na sukari vipimwe mara kwa mara. Ipi ni bora? Kitabu hakiwezi kujibu. Fundi wa cherehani atakwambia mikono inayotetemeka inamnyima ugali, mwenye kisukari kwenye ukoo atakwambia anaogopa sukari. Wote wako sahihi, na hakuna anayelijua hilo kuliko mwenye mwili.

Kuna pia sindano ya mwezi, kwa mfano flufenazini, inayochomwa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Faida yake: hakuna kidonge cha kukumbuka, hakuna mwenzako wa chumba wa kuuliza unakunywa nini. Hasara: ikishaingia haitoki, na ikikuudhi utaivumilia hadi iishe. Mimi niliitaka sana sindano. Nilikuwa nimechoka kuhesabu vidonge.

Tulikuwa tumehamia kliniki nyingine. Muuguzi alikuwa mama wa makamo. Mdogo wangu alimwamkia shikamoo, naye akaitika, "Marahaba, mwanangu," akageuza kiti chake kutoka kwangu akamwelekea yeye. "Dada yako nitamsikiliza. Sasa wewe mwenyewe unasemaje?" Nilikuwa sijasikia swali hilo tangu tuanze. Mdogo wangu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Sindano siitaki. Vidonge nitakunywa mwenyewe, ila si vile vya kunikaza." Muuguzi hakukubali tu ili ampendeze. Alimweleza olanzapini ina nini, akampima uzito, akazungumza na daktari, na akaweka sharti: arudi baada ya wiki mbili na pakiti aliyoikata mwenyewe. Nami akaniambia, kwa upole uliochoma, "Mama, tumwachie na yeye sehemu yake."

Wanawake waongeze swali moja. Ukiandikiwa sodiamu valproeti, inayotumika kwa bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) na kifafa, nawe uko kwenye umri wa kuzaa, daktari analazimika kukuuliza kuhusu ujauzito na uzazi wa mpango. Takriban mtoto 1 kati ya 10 wanaokuzwa tumboni mama akiinywa huzaliwa na kasoro ya viungo, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Ukiandikiwa kimyakimya, rudi ukaulize kabla ya kumeza, lakini kama tayari unainywa usiikate mwenyewe.

Kulazwa kwa hiari na kwa lazima

Kuna siku mtu hawezi kuchagua. Anataka kuruka dirishani, au ameshika panga kwa sababu anaamini jirani amemloga mtoto. Hapo sheria, ya Tanzania ya 2008 na ya Kenya ya 1989 iliyorekebishwa 2022, inaruhusu alazwe bila ridhaa, kwa taratibu na kwa muda. Sipingi hilo. Nimewahi kusaini.

Lakini aliyeingia kwa hiari na aliyeingizwa kwa lazima hutofautiana mno siku wanapotoka. Wa kwanza anaijua njia ya kurudi. Wa pili anaikimbia kwa miaka. Kwa hiyo pima hospitali kwa namna inavyomtendea aliyelazimishwa: je, anaelezwa anachomwa nini hata kama hakubali? Anachagua nguo yake, chakula chake, nani amtembelee? Akitulia, anaulizwa upya? Kenya na Tanzania zote zimeridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, unaowatambua watu hawa kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine, na wanaostahili kusaidiwa kuamua.

Kinachosaidia kuliko sahihi yangu ni karatasi inayoandikwa mtu akiwa mzima. Muuguzi ndiye aliyetushauri. Mdogo wangu aliiandika kwa mkono wake mezani kwetu, nakala moja iko kwenye faili, nyingine nyuma ya mlango wa kabati la vyombo. Inasema: "Nikikesha siku tatu mwiteni dada, msiite polisi. Msinifunge kamba. Nipelekeni asubuhi, si usiku, nikiwa na viatu. Haloperidoli hapana. Mniambie mnanipeleka wapi hata mkiona sisikii, kwa sababu nasikia."